Lango la Ruzizi: Historia ya Daraja, Bwawa na Vyombo vya Ziwa Kivu

Mjini Bukavu, pale maji ya Ziwa Kivu yanapotoka na kuwa mto Ruzizi, hakuna meli inayopita. Boti za Goma, za Idjwi na za Kalehe hutia nanga ziwani, abiria hushuka, mizigo hupakuliwa. Baada ya hapo ni daraja la kwenda Rwanda, kisha bwawa la umeme, kisha korongo lenye maporomoko hadi uwanda wa Kamanyola. Ng'ambo ya daraja ni Cyangugu, mji ambao leo uko katika wilaya ya Rusizi.

Katika nchi nyingi, serikali haimruhusu mtu kujenga daraja juu ya maji yanayopitiwa na meli kabla ya kujibu maswali matatu. Chombo kitapita wapi? Daraja litainuliwa kiasi gani, au litafunguka saa ngapi? Na likija kuwa kizuizi, nani atalipa gharama ya kulibadilisha? Ruzizi haukuulizwa maswali hayo. Kwa kuwa hakuna meli inayoweza kushuka maporomoko yake, watawala waliupima kwa macho mengine: ya mpaka, ya jeshi, ya forodha na ya umeme. Wavuvi na manahodha wa Kivu walibaki nje ya hesabu. Hivyo ndivyo maji ya watu wengi yalivyokuja kuamuliwa na wachache, na matokeo yake tunayo hadi leo.

Kizuizi cha kwanza hakikujengwa na binadamu. Zamani za kale, maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Milima ya moto ya Virunga ilipoinuka, lava yake iliziba njia. Maji yakajaa nyuma ya ukuta huo, ziwa likapanda, na mwishowe likapata upenyo upande wa kusini. Upenyo huo ndio Ruzizi, mto wa kilomita zipatazo 117. Kutoka ziwani, kwenye kimo cha karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, unateremka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kwenye makorongo ya juu, karibu na Bukavu.

Wageni walichelewa kuuelewa. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira wakiwa na matumaini kwamba Ruzizi unatoka Tanganyika kwenda kaskazini, kwa maana hapo wangekuwa wamepata chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto unaingia ziwani. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walikwenda hadi mlangoni mwa mto na kujionea kwamba wenyeji walisema kweli. Ziwa Kivu lenyewe walikuwa hawajaliona. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alifika kwenye fukwe zake mwaka 1894, na mwaka 1898 Richard Kandt akaanza kuichunguza nchi hiyo kwa kina.

Kabla ya hapo palitokea jambo kubwa magharibi ya Tanganyika. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, unaoshuka hadi Lualaba. Stanley alipopita mwaka 1876, mlango huo ulikuwa umezibwa na majani na tope. Miaka miwili baadaye maji yalipanda, yakauvunja mfuniko huo na kuanza kutiririka kwa nguvu. Tangu 1878, basi, tone la maji linaloondoka Bukavu hupitia Ruzizi, Tanganyika, Lukuga na Lualaba, na kuishia kwenye mto Kongo na bahari ya Atlantiki.

Safari hiyo ya tone la maji ilikuja kuwa na uzito wa kisheria. Februari 1885 mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani yalihitimisha mkutano wa Berlin. Katika Hati Kuu ya mkutano huo, ibara ya 13 ilitangaza kwamba mto Kongo ni huru kwa meli za biashara za mataifa yote. Ibara ya 15 ikapeleka uhuru huo hadi kwenye vijito vyote vya Kongo, na maziwa ya eneo hilo hayakuachwa. Ibara ya 16 ikagusa mahali ambapo meli haziwezi kupita: barabara au reli itakayojengwa kukwepa maporomoko ihesabiwe kuwa sehemu ya mto, na iwe wazi kwa wote kwa masharti yale yale. Iliahidiwa tume ya kimataifa ya kusimamia utekelezaji, ila haikufanya kazi. Hati hiyo iliandikwa bila Mwafrika hata mmoja mezani, kwa faida ya wafanyabiashara wa Ulaya. Hata hivyo ndani yake mlikuwa na wazo lenye thamani: mto ni njia, na anayejenga juu yake au kando yake ana wajibu kwa wanaoutumia.

Mwaka huo huo wa 1885, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kujenga Tower Bridge jijini London. Wafanyabiashara wa ng'ambo mbili za mto Thames walitaka kuvuka. Wenye meli walihofia kufungiwa gati zao. Sheria ikaamua kwa vipimo: sehemu ya kati ifunguke, iachie nafasi ya futi 200 kwa upana na futi 135 kwa kimo, yaani karibu mita 61 kwa 41. Daraja lilifunguliwa mwaka 1894, na mpaka leo meli ikihitaji kupita, magari husimama. Huko Marekani, sheria ya Truman-Hobbs ya mwaka 1940 iliipa serikali uwezo wa kuamuru daraja linalozuia meli bila sababu ya kutosha libadilishwe, na gharama zigawanywe kati ya mwenye daraja na dola. Nchi hizo zilijifunza kwa mabishano ya miaka mingi kwamba mvukaji na msafiri wa majini wote wana haki, na kwamba sharti awepo mwamuzi kabla ya nguzo kuchimbiwa.

Kwenye Ruzizi hakukuwa na mwamuzi wa namna hiyo. Palikuwa na dola mbili zinazogombania mlima na maji. Mpaka wa mwaka 1885 ulichorwa kwa mstari kwenye ramani za nchi ambayo wachoraji hawakuifahamu. Ziwa Kivu lilipojulikana, Wajerumani na watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji wote walilidai, na kwa zaidi ya miaka 10 vituo vyao vya kijeshi vilitazamana kwenye eneo hili. Makubaliano yalipatikana Brussels mwaka 1910: Idjwi na fukwe za magharibi zikabaki Kongo ya Ubelgiji, Rwanda ikabaki kwa Wajerumani, na Ruzizi ukawa mpaka. Wavuvi, wafanyabiashara wa chumvi na ng'ombe, na koo zilizokuwa na ndugu pande zote mbili, walijikuta wakihesabiwa kuwa wa nchi mbili.

Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka, ziwa ndilo lililoguswa mapema. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliikalia Idjwi kwa kutumia vyombo vya majini. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Ubelgiji yalivuka Ruzizi na kuingia Rwanda. Vikosi hivyo vilikuwa na maafisa wa Kizungu, lakini askari na wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani walikuwa Waafrika. Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Urundi chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, na baadaye Umoja wa Mataifa. Kuanzia hapo kingo zote mbili za Ruzizi zilikuwa na mtawala mmoja.

Chini ya mtawala huyo Bukavu ilikua. Iliitwa Costermansville, kwa jina la afisa wa kikoloni Paul Costermans, hadi miaka ya 1950 jina la wenyeji liliporudishwa. Mji ulijengwa kwenye rasi zinazoingia ziwani, na ziwa lilikuwa barabara yake ya kwenda Goma. Upande wa kusini, mkoloni alitaka bidhaa za Kivu zifike Tanganyika, zipakiwe melini hadi Kigoma au Kalemie, iliyoitwa Albertville, kisha zipande reli. Ruzizi haukuweza kuzibeba. Ikajengwa reli ya Kivu, CEFAKI, kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, hadi Kamanyola, mwisho wa uwanda. Kutoka Kamanyola hadi Bukavu mizigo ilipanda milima kwa malori. Reli hiyo ilifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 na ikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Lile wazo la Berlin, kwamba njia ya nchi kavu inamalizia kazi ambayo mto umeishindwa, lilijaribiwa hapa, halafu likaachwa nusu njiani. Leo dereva wa lori anayepanda kutoka Uvira kuelekea Bukavu kwenye miinuko ya Ngomo anabeba mzigo ambao reli haikufika kuuchukua.

Mwaka 1958 ndipo lilipotokea jambo lililobadilisha kila kitu. Kilomita chache kutoka mlango wa ziwa, bwawa la Ruzizi I, ambalo wengi hulijua pia kwa jina la Mururu, lilianza kuzuia maji ili kuzalisha umeme. Mitambo yake ilikuja kufikia uwezo wa megawati zipatazo 30. Bukavu ilipata taa na viwanda vikapata nguvu. Pamoja na hayo, bwawa lilichukua kazi ambayo tangu kale ilikuwa ya mwamba: kuamua ni maji kiasi gani yatoke Ziwa Kivu. Mlango wa bwawa ukizuia, ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 2,300 hushikilia maji yake, ukiachia, hushuka. Mvua na jua vina sehemu kubwa zaidi, lakini mkono wa binadamu uliingia kwenye mizani. Gati za Bukavu, Goma, Gisenyi, Kibuye na Idjwi, pamoja na fukwe za wavuvi, zote ziko upande wa juu wa mlango huo.

Kwa mkoloni, hapakuwa na haja ya mapatano. Maji, kingo, wavuvi na umeme vyote vilikuwa chini yake, na ofisi zilizoamua hazikuwauliza watu wa ziwa. Hilo ndilo kosa la msingi la historia hii. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru, na tarehe 1 Julai 1962 Rwanda na Burundi zikafuata. Bwawa lililojengwa ndani ya himaya moja likaamka likiwa mpakani mwa mataifa, bila mkataba wa maji uliolizaa.

Daraja nalo likarudi kuwa la askari. Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme pamoja na askari wa Katanga waliiteka Bukavu na kuishikilia kwa miezi mitatu chini ya mashambulizi ya jeshi la taifa. Mwanzoni mwa Novemba walivuka Ruzizi na kuingia Cyangugu, ambako walinyang'anywa silaha. Katikati ya mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka kuingia Bukavu. Mwezi Agosti, askari wa Ufaransa wa operesheni ya Turquoise walipoondoka Rwanda, serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilijaribu kuufunga mpaka. Oktoba 1996 vita vilivuka kutoka upande wa pili, na Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini tarehe 29 ya mwezi huo. Mwaka 1998 na 2004 mji uliingia tena mikononi mwa waasi. Kila mara swali la darajani lilikuwa moja: nani anaruhusiwa kupita na nani anazuiwa. Mama anayevuka na beseni la nyanya alfajiri na kurudi na unga jioni amelipata jibu la swali hilo katika kila serikali, na mara nyingi amelilipia.

Katikati ya misukosuko hiyo, kulikuwa na watu waliofikiri kwa njia bora. Tarehe 20 Septemba 1976, huko Gisenyi, Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Mwaka 1983 nchi hizo tatu zilianzisha SINELAC, shirika la pamoja la umeme, na mwaka 1989 bwawa la Ruzizi II lilianza kazi chini ya mkondo, likiwa na uwezo wa karibu megawati 44. Safari hii makubaliano yalitangulia saruji. Nchi tatu ziligawana umeme wa mto mmoja, na shirika hilo lilidumu hata wakati majeshi yao yalipokuwa yakipigana. Hilo ni funzo ambalo wanasiasa wa eneo hili hawajalitumia vya kutosha: mkataba uliojengwa vizuri huvumilia vita.

Hata hivyo SINELAC iliundwa kwa ajili ya umeme. Nahodha na mvuvi hawakuwa na kiti humo. Katika miaka ya 2010 ilianzishwa ABAKIR, mamlaka ya bonde la Ziwa Kivu na mto Ruzizi, ili nchi tatu ziyatazame maji kwa ujumla wake: umeme, samaki, mazingira na matumizi ya watu. Ni taasisi changa yenye kazi kubwa. Bwawa jipya la Ruzizi III, linalokusudiwa kuzalisha megawati 206, litaongeza idadi ya wanaotegemea kila mita ya maji inayotoka Kivu, na hivyo kuongeza haja ya mwamuzi anayesikilizwa na wote.

Tukitaka kuona mfano wa karibu wa daraja na meli kukutana, tutazame Mombasa. Kivuko cha Likoni kinakata mlango wa bandari ya Kilindini, mahali ambapo meli kubwa za Afrika Mashariki huingilia. Wakati wa janga la korona, Kenya ilijenga huko daraja la kuelea la watembea kwa miguu, lililoanza kutumika mwaka 2021. Lingeachwa limefungwa, bandari ingesimama. Kwa hiyo sehemu ya kati ilifanywa iweze kusogezwa, na saa zikagawanywa: asubuhi na jioni zilipewa watu wa kwenda na kutoka kazini, na nafasi nyingine zikaachiwa meli. Mjini humo humo, tuta la Makupa, ambalo kwa miongo mingi lilizuia maji kupita kati ya kisiwa na bara, lilibadilishwa kwa madaraja mwaka 2022, maji yakapata tena njia. Nchini Kongo kwenyewe, daraja la Matadi lilifunguliwa mwaka 1983 kwenye sehemu ya mto ambayo meli za bahari huifikia. Lina urefu wa mita 722, na limening'inizwa juu sana ya maji, likiwa na uwazi wa mita 520 kati ya minara yake. Wahandisi wa Kijapani walioshirikiana na Zaire hawakusimika nguzo katikati ya mkondo. Kongo, basi, inaujua utaratibu huu. Imeutumia kule ambako meli ni kubwa na wenye nayo wana sauti.

Bukavu ina vyombo vidogo na watu wengi. Njia ya ziwa hadi Goma ni ya lazima, kwa kuwa barabara ya nchi kavu ni mbovu na mara nyingi si salama. Aprili 2019 boti ilizama karibu na Kalehe na kuua watu wengi. Rais Félix Tshisekedi alifika huko na kuagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama ikikaribia gati ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ufukweni. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilikuwa imebeba watu 278. Amri zilikuwepo, wa kuzisimamia kila siku, kwenye kila gati, ndiye aliyekosekana. Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, na kabla yake Goma, safari za ziwani zilikatika kwa muda, na familia zilizogawanyika kati ya miji hiyo miwili zikakosa njia.

Na kwenye mlango wa ziwa, kizuizi kipya kimejitokeza. Chupa na mifuko ya plastiki inayosombwa na mvua kutoka vilima vya Bukavu huelea hadi Ruzizi I na kuziba njia ya maji ya mitambo. Mara nyingi wafanyakazi wa umeme wamelazimika kuopoa taka hizo ili mji usikae gizani. Mwamba, vita na bwawa vilizuia maji haya kwa zamani zao. Leo tunayaziba kwa mikono yetu wenyewe.

Historia hii inatoa hukumu iliyo wazi. Ruzizi haukukosa sheria kwa sababu meli hazipiti. Ulikosa kwa sababu waliojenga juu yake hawakulazimishwa kamwe kumsikiliza kila anayeyatumia maji yake. Nchi tatu zilipokaa mezani mwaka 1983, kazi ilidumu. Pale mtawala alipoamua peke yake, jirani alirithi ugomvi. Ruzizi III na kila daraja jipya lipimwe kwa kanuni hiyo. Nahodha, mvuvi, mchuuzi wa darajani na mkulima wa uwanda wawe na wajumbe ndani ya ABAKIR, kimo cha ziwa kitangazwe wazi kwenye kila gati kwa Kiswahili, na idadi ya abiria ihesabiwe kabla boti haijang'oa nanga. Viongozi wa pande zote za mto, na sisi wakazi tunaotupa chupa kwenye mifereji, tuna deni kwa maji haya. Tulilipe sasa, wakati bado yanapita.